Spana Iliyobaki Ukutani

Machi 3, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mdogo wangu,

Umeniuliza ununue mashine gani ya betri ya kufungulia nati, maana bega lako limegoma. Chukua ile fupi, inayoingia hata chini ya dashibodi, na betri yake iwe sawa na ya drili yako. Nati za gurudumu malizia kuzikaza kwa mkono, kama alivyotufunza baba. Mashine haina kiasi.

Umenitania, "Au uje mwenyewe, kaka, wewe huhitaji chaji." Nilicheka peke yangu. Najua spana yangu bado umeitundika ukutani pale gereji, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Ishushe, uitumie kukazia. Mimi sitarudi.

Kaka yako