Jina Langu Kwenye Kadi ya Mama

Kashojwa,
Kambi ya Nakivale,
Isingiro, Uganda.
21 Septemba 2014

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Bénédicte,

Ninakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na shemeji Adolphe na mtoto wetu Mariette. Hamjambo nyote? Kifua cha Mariette kimepona? Mama huniuliza habari hiyo kila Jumapili tukitoka kanisani, utadhani mimi nilionana naye jana.

Sisi huku tunaishi. Mguu wa mama bado unavimba, hasa jioni, na shamba la kule mlimani ameliacha. Mvua imechelewa. Maharage tuliyopanda yameota hapa na pale, mengine yameoza ardhini. Kanisa limepata mabati mapya upande mmoja, upande wa pili bado ni turubai.

Barua zako tatu zimenifikia na sikujibu hata moja. Katika ile ya mwisho umeniuliza mambo mawili: kwa nini sikutumii tena picha nikiwa na kombati, na kwa nini ofisi ya wakimbizi haijatuita mimi na mama kwa safari ya kuhamia kwenu ng'ambo, wakati usaili tulishamaliza mwaka jana. Maswali hayo yote mawili yana jibu moja, yaya. Ninaomba ukae chini, na shemeji awe karibu nawe unaposoma.

Nilikudanganya. Nilipokuandikia mwaka 2011 kwamba chuo cha jeshi kimenipokea kusomea uhandisi wa mifumo, nilisema kuna nafasi zimetolewa kwa wakimbizi. Hazikuwepo. Chuo kilichukua raia wa Uganda peke yao. Ukatangaza kanisani kwenu, watu wakaniombea, na mimi nikanyamaza.

Unamkumbuka afande Kezironi, yule sajini wa kambi ya jeshi ya Mbarara. Mkewe, mama Molly, alikuwa akinunua maharage ya mama kule sokoni Kakoba, na ndiye aliyenichukua nikae kwao nisome sekondari, nami nimfundishe binti yao Lillian hesabu. Miaka minne nililala katika nyumba yao na kula sahani moja nao. Afande hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa amejaribu mara tatu kusomea uofisa, na mara zote tatu Kiingereza kilimshinda. Matokeo yangu ya mtihani wa mwisho yalipotoka, aliishika ile karatasi kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Kesho yake akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji chake akaapa kwamba mimi ni mwanawe, niliyezaliwa na mwanamke wa zamani kabla hajamwoa Molly. Fomu ikajazwa hivyo. Pahali pa jina la baba pakaandikwa Kezironi.

Mama alijua. Nilikuja kumwambia mwenyewe, nikamkuta anachambua maharage.

"Utaitwa mutoto wa nani?" akaniuliza.

"Wa afande."

Akaendelea kuchambua. Hakumtaja baba yetu aliyelala kaburini kwetu Fizi. Asubuhi nilikuta amenifulia shati.

Chuoni nilikuwa na furaha, sitaki kukuficha. Alfajiri tulikimbia na magogo mabegani, kisha kwata, kisha darasani mpaka jioni. Wengi walisinzia. Mimi sikusinzia. Katika somo letu hufundishwi kuangalia pampu peke yake. Unafundishwa kuangalia pampu, na anayeiwasha, na mafuta yanatoka wapi, na fundi yuko umbali gani, na ikizimika Jumatatu nani atakosa maji Jumatano. Kila kitu unakichora na mishale, hiki kinasukuma kile, mpaka uone ni pahali gani panakwama. Nilijiona kama nimepewa macho mengine.

Mwalimu wetu alikuwa Kapteni Akampurira, mtu mpole, hana kelele. Mwaka wa tatu alitupa kazi kubwa: kila mmoja achague mfumo mmoja unaohudumia watu wengi, aonyeshe unapochelewa na namna ya kuutengeneza. Wenzangu walichagua hospitali, vituo vya mafuta, ghala za jeshi. Mimi nilichagua mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi.

Nilijua ni hatari. Lakini yaya, hakukuwa na kitu kingine duniani nilichokijua vizuri kuliko mgao huo. Katika mstari ule nimesimama tangu utoto. Nikaandika kwamba watu wanasimama toka asubuhi mpaka saa tisa, na kwamba kizuizi hakiko kwenye mizani wala kwenye magunia. Kizuizi kiko kwenye meza moja ya kukagua kadi, kwa sababu vijiji vyote vinapita hapo. Nikapiga hesabu: zikiwekwa meza tatu, wa mwisho atakuwa amerudi nyumbani kabla ya saa sita. Kapteni alinipa alama za juu kuliko wote.

"Umejuaje mambo haya yote?" akaniuliza.

Nikasema nina mjomba mwenye duka Rwekubo, pale kambini. Aliridhika, na akaridhika kupita kiasi. Alitaka darasa zima likaone kwa macho. Mwezi wa pili mwaka huu akapata ruhusa ya kutupeleka Nakivale siku ya mgao.

Nilitaka kujifanya mgonjwa. Nilikwenda mpaka mlangoni kwa daktari nikarudi, maana kazi ilikuwa yangu, na mimi ndiye niliyetakiwa kuieleza pale uwanjani.

Tulifika mchana, kadeti kumi na wanane, kombati zimepigwa pasi. Mstari ulikuwa mrefu. Kapteni akaniambia nitangulie, nieleze nikitembea. Nikaanza kueleza kwa Kiingereza, naangalia kofia za wenzangu, siangalii watu. Namba za watu nilikuwa nimezikariri. Nikafika karibu na meza, na mama alikuwa pale, wa sita kutoka mbele, amevaa kile kitenge cha kijani ulichomwachia ulipoondoka, gunia tupu limekunjwa chini ya kwapa.

Aliniona. Nilijua ameniona kwa sababu aliinamisha kichwa akaanza kutafuta kitu ambacho hakikuwepo katika pindo la kitenge. Nikampita, yaya. Nilipita karibu kiasi kwamba mkono wa kombati uligusa gunia lake, na sauti yangu haikukatika, niliendelea kusema dakika ngapi kila kadi inachukua mezani.

Aliyeniita alikuwa mzee Anselme, yule mwimbishaji wa kanisa letu, alikuwa nyuma ya mama. Yeye hakujua chochote, alifurahi tu.

"Déo, mutoto wa Georgette, ni weye huyu? Mungu amekuinua."

Kapteni akasimama. Akaniangalia mimi, akamwangalia mzee, kisha akamwuliza, "Georgette ni nani?"

Mzee akamwonyesha kwa kidole. Kapteni akamsogelea mama, akavua kofia, akamwuliza kwa Kiswahili cha adabu kama ananifahamu.

Mama akainua uso akanitazama vizuri, kama mtu anayetazama bidhaa. "Hapana, bwana. Huyu miye simujue," akasema. "Uyu muzee macho yake haione muzuri."

Mzee Anselme akafungua mdomo, kisha akaelewa, akasema kweli, macho yake ni ya zamani. Na mimi nikaangalia kofia za wenzangu. Kapteni akanigeukia, kama ananipa nafasi. Kisha akavaa kofia, akasema tuendelee.

Wiki mbili baadaye niliitwa ofisini. Mezani kulikuwa na nakala ya kadi ya familia ya mama, na picha yangu ya miaka kumi na mitano pembeni ya picha yake, shati lile la shule. Kapteni Akampurira alikuwa amekaa pembeni, aliyeuliza maswali alikuwa ofisa mwingine. Afande Kezironi alikuwa ameshaletwa kutoka Mbarara, amesimama wima, vifungo vyote vimefungwa.

Walimwonyesha picha. Akaitazama muda mrefu.

"Hii kijana ni yangu, sir," akasema. "Mimi ndio nalimuzaa."

Ofisa akamwonya kwamba anaongeza uongo juu ya uongo, akamwuliza mara ya mwisho. Afande akavuta pumzi, na nikaona atasema vilevile. Hapo ndipo nikasema. Nilisema jina la baba yetu, na Fizi, na mwaka tuliovuka ziwa, na kwamba mwanamke niliyempita kwenye mstari ndiye aliyenizaa. Nilisema yote mpaka nikakosa la kusema. Afande hakugeuka kunitazama. Alisema tu polepole, "Déo, wewe nyamaza," lakini nilikuwa nimemaliza.

Nilidhani namwokoa. Mpaka leo sijui kama nilimwokoa au nilijipumzisha mwenyewe.

Mimi walinifukuza mwezi wa nne, nikiwa nimebakiza mwaka mmoja. Kapteni alinisindikiza hadi getini. Aliniambia kazi yangu juu ya mgao ilikuwa sahihi, na kwamba ameliondoa jina langu juu yake kabla ya kuiweka maktaba. Sikujua kama nimshukuru kwa hilo.

Afande walimweka ndani miezi miwili, wakamshtaki, wakamtoa jeshini bila chochote, baada ya miaka ishirini na sita. Nyumba ya kambini waliambiwa waihame ndani ya siku saba. Sasa wanapanga chumba kimoja Kakoba, na yeye analinda yadi ya mbao. Nilikwenda kuwaona mwezi wa saba. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, amekonda, ndevu nyeupe. Akanisalimia kama zamani, akaniuliza hali ya mama. Akasema, "Kitabu yako ya hesabu iko hapa. Lillian nasomea hiyo." Mama Molly alitoka na beseni la nguo, akaniona.

"Nilikufulia nguo miaka ine," akasema. "Usirudi hapa tena, Déo."

Nikaondoka. Siku hizi ninatengeneza mashine za kusaga pale Rwekubo. Kazi ipo, mikono inajua.

Sasa nije kwenye lile la safari. Habari za chuo zilifika ofisi ya wakimbizi. Waliniita, wakaniambia kwamba mtu aliyeapa uongo juu ya uraia wake hawezi kupelekwa kwenye nchi nyingine, na kwa kuwa mimi na mama tuko kadi moja, faili lote limesimama. Kile chumba ulichokitayarisha, yaya, ulichotuandikia kwamba kina dirisha upande wa jua, kimekaa kitupu kwa sababu yangu.

Lakini kuna njia. Mama anaweza kutengewa kadi yake. Anatia kidole kwenye karatasi moja kwamba mimi si mtu wa nyumba yake tena, na faili lake linaendelea peke yake. Daktari wa huko ataangalia mguu wake. Atamwona mjukuu ambaye hajamshika hata siku moja. Nilimpeleka ofisini mwenyewe mwezi uliopita. Karani alimsomea karatasi taratibu kwa Kiswahili, akamsogezea wino.

Mama akaficha mkono ndani ya kitenge. Akamwambia, "Nilishasemaka mara moja: simujue. Sitasema tena."

Tukarudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu alikataa kupanda boda. Tangu siku hiyo hataki nilitaje jambo hilo. Nimemwomba kwa upole, nimemwomba kwa ukali, nimeita mchungaji. Anasema maharage yanahitaji palizi.

Karatasi inangoja mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, baada ya hapo wanafunga. Yaya, wewe ndiye pekee anayeweza kumwambia. Mwandikie mama barua. Mwambie unamhitaji, Mariette anamhitaji, mwambie unaumwa ikibidi. Mwambie aniache. Usiseme kwamba ni mimi niliyekuomba. Unajua hajui kusoma, na barua zako zote mimi ndiye ninayemsomea, kwa hiyo na hiyo nitamsomea mimi. Usiogope kuandika kwa ukali kwa ajili yangu. Nitaisoma kama ulivyoiandika, sitaruka neno.

Umsalimie sana shemeji Adolphe, umwombe msamaha kwa ile sala ya shukrani aliyoisimamia bure. Mbusu Mariette. Mzee Anselme anakusalimu. Tangu siku ile hukaa benchi la nyuma kanisani, na mama kila Jumapili humwendea kwanza kumpa mkono. Mama naye anakusalimu, nimemwambia ninakuandikia habari za mvua.

Mungu awalinde katika baridi hiyo, awape kazi, na watoto wenu waitwe kwa majina yao popote watakapofika.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nilipokuwa ninakudanganya,

Déo