Swichi Zisizozimwa

Jumatatu, 8 Septemba

Saa moja asubuhi, masafa ya umeme 50.1. Saa saba, mashine ya kusaga muhogo ilipowaka, 48.7. Ikapanda yenyewe. Sekunde tisa. Wiki ya tatu naandika namba hizi na mkono umechoka.

Utafiti wangu unauliza jambo moja tu: turbini ndogo ya kijito chetu ikitikiswa, inarudi kwenye mwendo wake au inaanguka? Ikishuka chini ya 46 inajikata, na mitaa yetu ya Kasongo inakosa umeme. Hospitali pia.

Jioni kwa Baba, wodini. Mapafu. Mashine ya oksijeni inanguruma kando ya kitanda, inakula umeme wa turbini ileile aliyoiendesha miaka ishirini na sita kwa sikio, bila kipimo. Akaniuliza leo mashine inaimbaje. Nikamjibu hamsini nukta moja. Alicheka mpaka akakohoa.

Jumanne, 9 Septemba

Hesabu zimekubali. Nimejumlisha mzigo wote niliopima. Hata jioni turbini inabaki na nafasi. Kwa hiyo umeme ukikatika, mitaa yote inaweza kurudishwa kwa mkupuo.

Papa Kalonda, anayeiendesha tangu Baba augue, hafanyi hivyo. Kwanza anazunguka kwa baiskeli akikata mitaa kwenye nguzo, mmoja mmoja. Ndipo anawasha: hospitali, kisha mtaa baada ya mtaa. Saa nzima inapotea kwa kuzunguka tu. Ndivyo Baba alivyomfundisha.

Nimeandika pembeni: mazoea ya zamani. Leo najiona nina akili sana.

Alhamisi, 11 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Jana saa tisa mchana, mvua kubwa. Upepo. Tawi likaangukia waya, umeme ukakatika. Saa kumi lilikuwa limeondolewa, na Papa Kalonda akachukua baiskeli yake. Nikamzuia. Baba alikuwa amewekewa chupa ya oksijeni, ya mwisho, na chupa haingojei baiskeli. Nikamwonyesha daftari langu. Akatazama zile namba, akanitazama mimi.

"Weye njo umesoma, mama," akasema. "Lakini mashini haiyasoma."

Akawasha mitaa yote. 50. Kisha 44. Ikajikata. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu mkanda wa turbini ukachanika.

Kubadilisha mkanda, saa moja na nusu. Kisha baiskeli, ileile niliyoikataa. Umeme ulifika hospitali magharibi imeshaadhiniwa. Chupa ilikuwa imeisha zamani. Baba alikuwa hai, midomo imepauka kama majivu.

Nina aibu. Inazidi hata hofu.

Ijumaa, 12 Septemba

Amezungumza kidogo. Nilimweleza yote, nikitaka anikaripie. Akauliza tu:

"Ulipima wakati kuran iko, ao wakati iko narudi?"

Nikasema wakati umeme upo.

"Kuran ikikatika, mutu hazimi. Anaacha swichi, taa yenyewe imwambie imerudi."

Basi. Ni hilo. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo tangu utotoni, nikiangalia taa ya dari niwe wa kwanza kusema: umeme huo! Pasi, friji, redio. Mashine tatu za kusaga, ambazo kila siku hupeana zamu: zote zilikuwa zimeachwa zimewashwa, zikingoja wateja. Nilipima mji unaopeana zamu. Nikaitwisha turbini mji unaongoja. Mlango unaoipa turbini maji ulikuwa bado unafunguka, mzigo wote umeshatua.

"Baiskeli unaipakia imesimama," Baba akasema. "Mashini unaipakia iko nakimbia. Kidogo kidogo." Alipumzika kila baada ya neno.

Jumamosi, 13 Septemba

Baba amefariki alfajiri. Umeme ulikuwepo.

Tumemzika baada ya adhuhuri.

Jumapili, 14 Septemba

Daktari amesema mapafu yalikuwa yamekwisha, na saa zile za Jumatano hazikubadilisha kitu. Alisema kwa upole mno. Simwamini, wala siwezi kumkatalia. Nitabaki sijui.

Papa Kalonda amekuja matangani. Alikaa karibu na mlango, akala sombe aliyopewa, majani ya muhogo, hakuligusa jambo lile. Afadhali angenilaumu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nilitaka kupita nyumba kwa nyumba niwaambie watu. Shangazi Asha, aliyefika jana kutoka Lusangi, akasimama mlangoni. Mfiwa hatoki. Amenikasirikia kweli.

Basi nikawaambia waliokuja. Kila mwanamke aliponishika mkono wa pole, nilimwambia: umeme ukikatika zimeni kila kitu, acheni taa moja tu. Wengine walidhani huzuni imenipanda kichwani. Alasiri tayari walikuwa wanaambizana uani kwamba ni wasia wa marehemu. Sikuwasahihisha.

Jumatano, 17 Septemba

Leo baada ya alasiri mvua tena, na umeme ukakatika. Wanaume walikuwa barazani wanasoma Kurani.

Shangazi Asha aliinuka bila kuambiwa. Akapita chumba kwa chumba akizima, na mimi nikimfuata. Ukutani kwa jirani nikasikia swichi, kisha nyingine. Mashine ya kusaga ya barabarani, mwenyewe alitoka kwenye mvua akaenda kuizima. Papa Kalonda akapita kwa baiskeli, amelowa, akielekea kwenye nguzo.

Tuliacha taa moja, ya chumba cha Baba. Nikakaa kitandani pake. Kipimo kilikuwa mfukoni, sikukitoa. Mvua ilipopungua nikaisikia turbini ng'ambo ya kijito: inaanza, inakaza mwendo, inapokea hospitali, inatulia. Inapokea mtaa wa kwanza. Inatulia.

Taa ikawaka. Haikuyumba. Shangazi akaja kuuliza kama sasa tunaweza kuwasha nyingine, nikamwambia tungoje kidogo.