Pole Iliyomfunga Soud

Rayners Lane,
London.
14 Novemba 1970

Mpendwa Shangazi Time,

Shikamuu. U hali gani, na lile goti limetulia? Sisi huku miili mizima, alhamdulillahi. Mardhiya na watoto wanakuamkia. Baridi imewahi mwaka huu. Navaa soksi mbili mbili hata viatu vinagoma kuingia.

Shangazi, jibu la serikali kwa ombi letu la kumwombea Soud huruma lilifika juzi. Nimekaa nalo kwa woga, maana najua unavyongoja kumwona mwanao kabla hujafumba macho.

Ombi nililiandika mwenyewe. Unajua kazi yangu ni kusukuma makasha ya karatasi kuukuu katika nyumba ya nyaraka. Humo mna maombi ya enzi za Malkia Victoria, ya akina mama waliowaombea wana wao waliofungwa, wengine wametia alama ya msalaba tu kwa kutojua kuandika. Nikajifunza kwao: taja umri wake, mtaje mama yake, kusanya majina ya majirani.

Nikalieleza na lile neno lililomponza. Kwamba Soud alimkuta yule mzee wa Kiingereza ngazini, ameshapigwa na kuporwa, akamwinua huku akimpa pole. Lakini Kiingereza hakina pole, akasema, "Sori, sori." Mzee akasikia, wapita njia wakasikia, na mahakama ikaona amekiri mwenyewe. Miaka saba!

Jaswinder, jirani yetu Kalasinga aliyehamia kutoka Kisumu, alikuwa wa kwanza kutia sahihi. Alifoka, "Mtu akijikwaa mimi nasema pole. Sasa mimi ndiye nilimsukuma?" Akazunguka mtaa mzima na ile karatasi, akarudi na majina sitini na moja.

Jibu ni mstari mmoja: hawakuona sababu ya kubadili hukumu. Maneno hayo hayo nimeyaona nyuma ya maombi ya kale, wino umefifia. Miaka mia, hata sentensi hawajabadili! Nilikasirika, kisha nikalia.

Jana nilimpelekea Soud habari. Amekonda, lakini swala haimpiti. Aliniambia mfungwa mwenzake alijikata kidole mbele yake, naye akanyamaza kimya. Aliogopa kusema lile neno.

Nisalimie Bi Jokha na kaka Mbarouk. Mola akupe umri wa kumpokea mwanao mlangoni kwako.

Nami nimetafuta la kukuambia, sina ila lile lile. Pole, Shangazi. Wewe unajua maana yake.

Mwanao akupendaye,
Abdulwakil