Mstari Wenye Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi

Mwenye programu ametoa toleo jipya. Sijawahi kumwona — yuko huko aliko, anaandika programu ya kupiga hesabu ya dawa za watoto wachanga, anaitoa bure, na hospitali yetu inaitumia. Mimi nimeibadilisha hapa na pale ifae wodi yetu. Mabadiliko yangu yanakaa kwenye tawi langu, yaani nakala yangu ya programu, kazi yake kwenye lake. Sasa niyaunganishe. Nimemwambia bosi ni kazi ya asubuhi moja.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi moja, wapi! Migongano kumi na minne. Kila tulipogusa sote wawili, kompyuta inauliza: ibaki yako au yake? Yangu, yangu, yangu. Nimechoka kusoma.

Kisha nikajaribu mifano ya majaribio aliyoituma pamoja na toleo lake. Mtoto wa kilo moja na nusu — dozi mara mbili ya inayotakiwa. Nimemwandikia kwa ukali. Mtu unaachiaje kitu kama hicho?

Jumatano, 5 Machi

Amejibu. Kwa upole, ndiyo inayoniuma. "Dada, mstari huo wa programu si wangu. Tazama historia yake, utaona nani aliuandika na lini."

Nimetazama. Jina langu. Septemba, mwaka juzi. Na maelezo niliyoacha: nimeondoa onyo linalosumbua.

Nimekumbuka. Wauguzi walilalamika kwamba kila wakiingiza mtoto mdogo, onyo linajitokeza. Nikalifuta. Nikafuta na agizo lililokuwa chini yake: chini ya kilo mbili, dozi nusu.

Miezi kumi na minane. Si kwenye majaribio. Wodini.

Nimeizima programu saa nne na robo. Nimekwenda kwa bosi.

Alhamisi, 6 Machi

Bosi hakufoka. Alifunga mlango, akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Kisha akamwita muuguzi mkuu.

Mama huyo tunamwita Kalamu. Haamini mashine, kila dozi huipigia hesabu upya kwa mkono. Tumemcheka miaka. Leo ningemwangukia miguuni. Ila Kalamu ni zamu ya mchana tu.

Ijumaa, 7 Machi

Watoto thelathini na mmoja walikuwa chini ya kilo mbili. Tumepekua mafaili, mimi na Kalamu, bega kwa bega. Kumi na tisa wana saini yake. Saba, daktari alishtuka akapunguza. Watano — hakuna aliyeshtuka. Walimaliza dawa, wakaruhusiwa, hawakurudi kliniki. Mafaili yao yanaishia hapo.

Nimemwomba Kalamu awapigie wazazi yeye. Amekataa. "Utaeleza wewe, mwanangu. Mimi nitakaa hapa hapa."

Namba ya kwanza imepokelewa. Ni mama mtu. Nimejitaja, nikataja hospitali. Ameniambia nisubiri, akaiweka simu chini bila kukata.

Naandika ili mkono upate kazi. Kalamu ameinamia simu pamoja nami. Nasikia sufuria, nasikia mlango. Nasikiliza kama kuna mtoto.