Kufuata Vichwa vya Shoto

Jumatatu, 3 Machi
Tumelala kwenye duka la vitanda. Vitanda vimeibwa vyote — tumelala chini! Tangu mitambo ijitawale, droni zinazoa watu barabarani, na hakuna aliyewahi kurudi. Mwanangu Shoto alitoweka siku droni za kwanza zilipokuja. Shemeji ananiambia nikubali yaishe. Nikubali nini? Yeye mwenyewe anatembea na sufuria kichwani!

Jumanne, 4 Machi
Tumekutana na muuza maji. Nikaona kichwa chake — nikakaa chini palepale! Mistari ya msuko inapinda kushoto, halafu inajirudia. Kazi ya Shoto hiyo! Saluni yangu nzima ilizoea kunisikia: nyoosha mistari, mwanangu! Muuza maji anasema yuko binti soko la ng'ambo ya daraja, anasuka hivyo makusudi. Droni hutafuta vichwa kutoka juu. Mistari ikipinda zinachanganyikiwa, zinapita. Nikampapasa: nywele hazijaota hata kidogo chini ya msuko. Umesukwa juzi huu! Mwanangu yu hai. Nimelia mpaka shemeji akanipa leso yake. Nilipoiona nikamrudishia.

Jumatano, 5 Machi
Droni imetukimbiza barabara nzima! Shemeji anadai ni kichwa changu: msuko wa twende kilioni niliojisuka umenyooka mno, niufumue. Nimekataa. Siendi kwa mwanangu na kichwa timutimu. Akasema haya, utafika, ila ukiwa marehemu nadhifu. Tumenuniana. Kipara kinajua nini kuhusu nywele!

Ijumaa, 7 Machi
Niko sokoni, kwenye kigoda cha Shoto! Naandikia gotini. Hapa watu hunong'ona tu, droni zinasikia. Nimejifunga mtandio hadi puani, nimempa mgongo. Nilimwona kwa mbali, kakonda. Akinitambua atapiga yowe — namjua, karithi kwangu — na droni imetua juu ya paa.

Mkono wa kushoto umeingia kichwani. Kaninong'oneza: nani kakusuka hivi, mama? Msusi gani huyo mjinga, alitaka ufe?

Mjinga! Mimi!

Nimeuma mtandio. Machozi yananitoka, na kicheko kinataka kutoka. Kichwa nusu kimepinda, nusu bado. Mlangoni shemeji ananiashiria kwa sufuria: tulia, tulia.

Vidole vimefika nyuma ya sikio, kwenye kovu aliloniachia aliponiunguza kwa kitana cha moto akijifunza kazi. Vimesimama. Vinalipapasa tena, polepole. Shoto, mwanangu, nakuomba, usipige