Fredrick na Lile Pikipiki Refu

Kurwa, acha unachofanya. Fredrick kajiharibia leo Ugweno! Asteria, yule aliyemposa, kanisimulia sasa hivi, analia huku anacheka.

Si unalijua lile pikipiki refu alilonunua kwa sababu eti vijana wote wa Same mjini wanalo? Akilikalia, miguu inaning'inia kama soksi kwenye kamba. Fundi alimwambia achukue la chini. Yeye: "Hilo la wazee."

Sasa leo anapanda mlima kwenda kwa kina Asteria kusikia jibu la posa. Njiani anamkuta nani? Baba mkubwa wa Asteria, mwenye jibu lenyewe! Na huku mzee hasalimiwi ukiwa juu ya chombo. Unazima, unashuka. Ila Fredrick anajua akisimama kwenye mwinuko ule, anakwenda chini na chuma chake.

Kapita! Kurwa, KAPITA! "Shikamoo baba!" huyoo, vumbi lote kamwachia mzee.

Alipofika kwao akamweleza Asteria, naye akamnong'oneza, "Waambie tu miguu haikufika chini. Watacheka, yaishe."

Unajua kamjibuje? "Bora waseme sina adabu."

BORA WASEME SINA ADABU!

Mzee kaingia, kaweka barua ya posa mezani. "Chukua barua yako, kijana. Binti yetu haendi kwa mtu asiyesalimia."

Fredrick kaipokea kwa mikono miwili.

Yaani kakubali kukosa mke ili asijulikane mfupi. Kana kwamba hatumwoni!