Laini Mbovu ya Iringa

Lea, upo kwenye teleksi? Acha kazi zako za Iringa, soma hapa!

Leokadia wetu wa swichibodi ya simu hapa posta Mbeya kajimaliza mwenyewe.

Wiki tatu Crispin, yule fundi wa reli mpya, anakuja kuomba simu ya huko kwenu, kwa mwanamke anaitwa Paskalina. Wiki tatu Leokadia anamjibu, "Laini mbovu." Mbovu! Na hapo hapo wanunuzi wa kahawa wanaongea na Iringa mpaka mate yanawakauka. Wivu tu, Lea. Anampenda Crispin kimoyomoyo, huyo Paskalina anamkosesha usingizi.

Leo msimamizi mwenyewe kakalia swichibodi, kamuunganisha Crispin. Leokadia kanyakua hedifoni ya pili asikilize, na mimi nikabana sikio hapo hapo.

Crispin anasema, "Shangazi Paskalina, njoo uniposee binti wa huku Mbeya. Anaitwa Leokadia."

Leokadia, Lea! Leokadia huyu huyu!

Shangazi akajibu, "Mwanangu, baba yako alikupa mwezi mzima utaje mchumba, ukakaa kimya. Jumapili amekuposea kwa akina Kalinga, na wamekubali."

Crispin akasema tu, "Laini ilikuwa mbovu, shangazi."